Kunyamaza kwa Fundi

Liko suala ambalo watu wa baraza zetu hulipita kwa kulidhania dogo, nalo ni hili: mtu anayeijua kazi akimfanyia mtu asiyeijua, kisha akanyamaza juu ya alichokifanya na alichokiacha, je, kunyamaza kwake ni uwongo, au ni kunyamaza tu? Tulipolileta katika darasa letu la baada ya Magharibi mmoja wetu alicheka, akasema kuwa haya ni mambo ya mafundi baiskeli wala si mambo ya ilimu. Amesema nusu ya kweli. Ni mambo ya mafundi baiskeli, na kwa sababu hiyo hiyo tumeona yafaa kuandikwa. Kwani wanaolalamika kuwa wamedhulumiwa na hakimu ni wachache katika mji, na wanaolalamika kuwa wamechezewa na fundi wamo katika kila nyumba.

Yuko kijana muuza madafu tunayemjua. Kila asubuhi hutoka upande wa Likoni na baiskeli yake, madafu 50 au zaidi yamefungwa nyuma na ubavuni, akashuka nayo mteremko wa feri na kuvuka kuja kisiwani Mombasa. Baiskeli ile ndiyo duka lake na ndiyo shamba lake. Siku moja gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kulia, naye Jumamosi asubuhi akaipeleka kwa fundi. Fundi akalitikisa gurudumu mara mbili, akasema, “Gololi zimekwisha, bwana mdogo. Kazi yake shilingi 700. Niachie arbuni, uje baada ya Laasiri.” Kijana akatoa shilingi 400.

Baada ya Laasiri akaambiwa kesho, inshallah. Jumapili akaambiwa kuwa aliyetumwa vipuri hajarudi. Jumatatu akaukuta mlango umefungwa. Jumanne akaikuta baiskeli yake imepinduliwa magurudumu juu, na fundi ameinamia baiskeli ya mtu mwengine aliyekuja nyuma yake. Jumatano ndipo alipopewa, akalipa shilingi 300 zilizobaki, akashukuru. Madafu aliyokuwa amekwisha kumlipa mkwezi yalikaa sakafuni siku zote hizo, na dafu lililokatwa halingoji. Aliyoyauza aliyauza kwa majirani kwa nusu ya bei.

Ijumaa, akiwa katikati ya mteremko wa feri, gurudumu likajifunga ghafla. Kijana akaruka, baiskeli ikaanguka, na madafu yakaporomoka mbele ya watu waliokuwa wakishuka. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia sana, ila mama mmoja aligongwa na dafu kifundoni akachechemea mpaka ndani ya feri. Fundi wa ng’ambo alipolifungua gurudumu lile aliita watu waje watazame. Upande mmoja, ambamo hukaa gololi tisa, mlikuwa na saba, na katika hizo saba mbili zimepasuka. Zote zilikuwa za zamani. Kilichokuwa kipya ni grisi tu.

Sasa twataka msomaji apime jambo moja. Mnunuzi wa kitambaa hukishika kwa vidole vyake. Mnunuzi wa samaki humfungua matamvua akaona kama ni mekundu. Lakini mwenye baiskeli hawezi kuona kilichomo katikati ya gurudumu lake, kwa kuwa kimefungwa kwa nati, na hata akikifungua hatajua kinachotakiwa kuwamo. Yeye aona grisi inang’aa, azungusha gurudumu, lazunguka, basi. Kwa hivyo alipotoa shilingi zake 700 hakununua gololi peke yake, wala kazi ya mikono peke yake. Amenunua ilimu ya fundi. Amemwambia kwa vitendo: mimi sijui, wewe wajua, nijulie. Na mtu aliyelipwa ili ajue kwa niaba ya mwenziwe, akayaficha anayoyajua, ameuza kitu kisha akakizuia.

Hapa ndipo tulipokhitalifiana na yule mwenzetu aliyecheka. Yeye alisema kuwa uwongo ni neno, na fundi hakusema neno, hakuna siku aliyosema “nimetia gololi mpya.” Twamjibu kuwa bei yenyewe ilisema. Alipoitaja shilingi 700 pamoja na gololi, kisha akaipokea, mkono wake ulikwisha kutoa ushahidi. Na khabari ya lile fungu la nafaka ni mashuhuri kwa kila aliyekaa darasani: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya nafaka, vidole vikakuta umaji, alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtu yule hakuwa amesema uwongo wowote. Hakuulizwa, naye hakusema. Lakini aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha likafuatia onyo ambalo hapana muuzaji Muislamu asiyelijua. Basi lawama haikuwa juu ya neno, ilikuwa juu ya mpango wa fungu: kavu juu, mbichi chini. Na grisi mpya juu ya gololi mbovu ina tafauti gani na nafaka kavu juu ya iliyolowa?

Watu wa ilimu ya uchumi nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani aitwaye George Akerlof aliandika juu ya soko la magari yaliyokwisha tumiwa, akaonyesha kuwa ambapo muuzaji ajua ubovu na mnunuzi hajui, mnunuzi huwa hataki kutoa ila bei ya kitu kibovu. Basi mwenye kitu kizuri huona khasara, akajitoa sokoni, na soko likabaki na vibovu. Kwa ajili ya mambo hayo, mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Nasi twaliona jambo hili bila ya kwenda Marekani: fundi anayetia gololi tisa mpya, akataka bei yake, aonekana ghali mbele ya yule wa grisi, wala mteja hana njia ya kujua kwa nini. Mwisho wake fundi mwema hufunga duka akaendesha bodaboda.

Tulikwenda kwa fundi wetu. Twasema “wetu” kwa kuwa aswali nasi, na watoto wake wasoma chuoni pamoja na watoto wetu, na hata hivi twaandika tukimwonea haya. Tulikuwa watu wanne, tumejitayarisha kwa nasaha. Alitukaribisha, akafuta benchi kwa kitambaa chake, akasikiliza mpaka tukamaliza. Wala hakukanusha. Alisema, “Masheikh zangu, mliyoyasema ni kweli, nami nitayajibu mbele ya aliye mkubwa kuliko nyinyi. Lakini mkisha kunisomea mimi, nami niwasomee nyinyi.” Akaingia ndani akatoka na daftari.

Daftari lile karatasi zake zimeingia mafuta hata wino wa upande huu waonekana upande wa pili. Fulani, tairi, 600, ametoa 200. Fulani, spoki na kuziba pancha, bado. Fulani, mnyororo na pedali, atalipa mwisho wa mwezi. Na mwezi wenyewe haukutajwa. Tukaendelea kufunua, na katika ukurasa wa tano tukakuta majina mawili ya watu wa darasa letu hili hili, nao walikuwa wamesimama pale pale, mmoja wao ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Deni lao wawili lilikuwa shilingi 1,350, la tangu kabla ya Ramadhani. Hatukuwa na la kusema kwa muda.

Kisha fundi akatueleza jinsi kazi yake inavyokwenda, na maelezo yake yafaa kuandikwa kuliko nasaha zetu. Fundi wa kichochoroni hana mtaji. Mteja wa leo huleta arbuni ya gololi zake. Lakini jana mteja mwengine amekwenda zake na tairi jipya kwa neno la “nitakuletea”, na muuza vipuri ataka fedha zake hii leo, la sivyo hatampa hata valvu. Basi arbuni ya gololi hulipa tairi la mtu wa jana, na gololi hungoja arbuni ya mtu wa kesho. Ndiyo maana baiskeli iliyoletwa nyuma hushughulikiwa mbele: mwenyewe amekuja na fedha taslimu. Mteja asikiapo “kesho” hudhani kuwa fundi ni mvivu. Maana yake hasa ni kuwa fedha zako nimezitumia, nangoja za mwenzako.

Tulitafakari sana njiani tukirudi. Yule kijana wa madafu, bila ya kuombwa wala kujua, alikuwa amemkopesha fundi. Na fundi alikuwa amemkopesha mtu wa darasa letu. Na mtu wa darasa letu ana kazi ya mshahara. Kwa hivyo mtu anayefunga madafu kwa kamba alfajiri ndiye aliyekuwa akimdhamini mtu wa ofisini ambaye jioni hukaa akafafanua mas-ala ya amana.

Je, hayo yamtoa fundi katika lawama? Twasema hapana. Zaid akikudhulumu huna ruhusa ya kuichukua haki yako kwa Amr, ati kwa sababu Amr ndiye aliye karibu na ndiye asiyejua kuhisabu gololi. Arbuni iliyotolewa kwa kazi maalumu ilikuwa mikononi mwake kwa ajili ya kazi ile. Lau angalimwambia kijana, “Ndugu yangu, nimebanwa, niruhusu niitumie hii, gololi zako nitazipata Jumatano”, huenda kijana angalikubali, na huenda angalikataa akaazima baiskeli ya mjomba wake. Yeye mwenyewe ametwambia hivyo. Alichonyang’anywa ni hiyari yake, na hiyari ya maskini kwa kawaida ndiyo mali yake ya mwisho.

Na neno inshallah! Twaomba radhi kwa kulitaja kwa uchungu. Neno hili ni la mtu aliyekwisha kuazimia, akajua kuwa azma yake iko chini ya qudra ya Mola wake. Sisi tumelifanya mlango wa nyuma. Fundi anayejua hivi sasa kuwa kesho hatakuwa na gololi, akisema “kesho inshallah”, hakuitegemeza ahadi yake kwa Mungu. Amelitumia jina la Mungu kumzuia mteja asiulize swali la pili. Mtoto mmoja wa mtaani, alipotumwa kuuliza kama baiskeli ya babake iko tayari, alirudi akasema, “Fundi amesema inshallah, kwa hivyo haiko.” Mtoto yule hajatimiza miaka kumi, naye amekwisha kuielewa lugha ya soko letu.

Fundi alikuwa na hoja moja nyengine, nayo ni nzito kuliko ya daftari. Alisema kuwa lau angalimweleza kijana ukweli wote, kuwa kikombe kimelika, na ekseli yataka kubadilishwa, na gololi zote kumi na nane ni za kutupwa, basi bei ingalipita shilingi 700 kwa mbali, naye kijana angaliipandisha baiskeli yake mabegani akaipeleka kwa fundi mwengine atakayempa grisi kwa shilingi 200. “Wateja wa hapa”, alisema, “hawanunui kazi, wanunua bei.” Na sisi twajua kuwa asema kweli. Mwenye baiskeli nyeusi ya Phoenix au Hero, ambayo ni chuma cha kubeba gunia, ataka ifanye kazi ya punda na itunzwe kwa gharama ya paka. Hata upepo wa kujaza gurudumu twataka bure; pampu ya fundi huazimwa na mtaa mzima, na inapokatika mpini hapatikani aliyekuwa nayo mwisho.

Lakini tumeipima hoja hii tukaona haifiki. Hakuna aliyemwamrisha fundi afanye kazi ya ghali. Ukarabati wa rahisi si haramu, na grisi si haramu. Masikini ana haki ya kununua kitu kidogo kwa fedha kidogo. Alichotakiwa fundi ni kusema, “Hapa nimetia grisi tu, gololi ni zile zile, itakufikisha wiki moja au mbili, usiipakie sana wala usishuke nayo mteremko.” Maneno haya hayana gharama ya kipuri chochote. Na ndani ya maneno hayo ndimo mlimokuwa na usalama wa yule mama wa kifundoni, ambaye hakuwa mteja wa mtu, wala hakupatana bei na yeyote.

Wala wajibu huu haukumwangukia fundi kwa kuwa ni fundi. Umemwangukia kwa kuwa ndiye ajuaye, na kila ajuaye umo juu yake, hata akiwa ni mnunuzi. Imepokewa kuwa sahaba Jarir bin Abdillahi alinunuliwa farasi kwa 300, naye alipomwona akajua kuwa thamani yake ni zaidi, akamwendea muuzaji, akawa ampandishia bei yeye mwenyewe, mia baada ya mia, mpaka ikafika 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Sijui, husema watu, ni nani leo atakayefanya vile. Nasi twauliza jepesi zaidi: ni nani katika sisi aliyewahi kumwambia fundi, “Umenihisabia pancha moja, nazo zilikuwa mbili”?

Tumesema mengi juu ya fundi wa kichochoroni kwa kuwa yeye yuko karibu na ulimi wetu. Yako pia maduka makubwa ya kuuza baiskeli mpya, yenye kioo na mizani ya fedha, ambayo hayana udhuru wa daftari. Mmoja wetu alimnunulia mwanawe baiskeli katika duka moja la namna hiyo. Alisimama mbele ya meza kitambo kirefu, muuzaji akizungumza katika simu, alipouliza kama breki zimekazwa akaambiwa, “Imetoka kiwandani hiyo.” Siku ya pili usukani ukageuka peke yake, gurudumu likaelekea mbele na mikono ya mtoto ikaelekea ukutani. Aliporudi akaonyeshwa chini ya risiti, palipoandikwa kuwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Muuzaji alilisoma neno lile kwa sauti, kama mtu asomaye aya.

Yafaa watu wajue kuwa maandishi yale hayana nguvu wanayoyadhania. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi, muuzaji akishurutisha kuwa hatadaiwa kwa kasoro yoyote, sharti lake halimwokoi ila kwa kasoro ya ndani iliyomo katika mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Na sababu yake i wazi: mnyama ni kitu kilicho hai, hubadilika ndani, naye mwenyewe huenda asijue. Baiskeli si mnyama. Nati isiyokazwa haijifichi kwa mtu aliye na spana. Na sheria ya nchi nayo yasema yake: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa khabari anazozihitaji ili azifaidi, kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini muuza madafu hatafunga kazi siku kumi aende mahakamani kwa ajili ya gololi saba, na wenye maduka walijua hilo kabla ya kuchapisha risiti zao.

Lililobaki, ambalo hatujaafikiana mpaka tunapoandika haya, ni la madafu. Fundi amezirudisha shilingi 700 bila ya kubishana. Lakini ni nani wa kulipa madafu yaliyoharibika sakafuni, na yale yaliyopasuka mteremkoni? Imepokewa kuwa Sayyidna Ali alikuwa akiwalipisha mafundi mali za watu zilizoharibikia mikononi mwao, akiona kuwa bila ya hivyo mambo ya watu hayatatengenea. Na wako wanavyuoni wasiomlipisha fundi ila iwapo amepuuza au amepita mpaka. Baadhi yetu wasema kuwa kutia gololi saba mahali pa tisa ni kupita mpaka kulikokwisha. Wengine wasema kuwa ya mteremkoni ni juu yake, na ya sakafuni ni juu ya waliomfanya asiwe na fedha za gololi, yaani ukurasa wa tano na kurasa zilizo mfano wake. Kijana mwenyewe tulipomuuliza alisema hataki malipo ya madafu, ataka aambiwe siku ile ile kama kazi haiwi, na kwamba hiyo baiskeli amekwisha kuipeleka kwa fundi wa ng’ambo.

Wale wawili wa darasa letu wamelipa. Majina mengine yaliyomo katika daftari lile hatukuyanukuu, ila wenyewe wajijua, na duka hufunguliwa saa mbili asubuhi.